EIT ya elektrodi 16: chupa ikiwa katikati ya beseni haionekani

Swali
Wakuu, nafanya EIT (kuchora picha ya kilicho ndani ya maji kwa kupitisha mkondo mdogo wa umeme na kupima volti ukingoni). Beseni ni la duara, kipenyo sm 28, maji kina sm 5. Elektrodi 16 ni vipande vya chuma cha pua kuanzia chini hadi usawa wa maji. Chumvi gramu 9 kwa lita, mkondo mA 1 kwa kHz 50, jozi za jirani (1-2, 2-3…), vipimo 208. Nachora tofauti kati ya maji matupu na maji yenye chupa ya plastiki. Ukingoni chupa inaonekana safi. Katikati inageuka wingu, na madoa yanazuka pembeni. Nimepandisha meshi (wavu wa pembetatu ambao programu inachoria picha) hadi pembetatu 2,304, wapi. Ni programu au saketi?

Jibu
Meshi iache. Ukibadilishana jozi ya mkondo na ya volti unapata namba ileile, kwa hiyo vipimo huru ni 104 tu. Pembetatu haziongezi habari.

Anza na chumvi, hapo umezidisha. Gramu 9 inakupa upitishaji wa umeme wa karibu S/m 1.6 (siemens kwa mita), na jozi iliyo mkabala na mkondo inapata takriban mV 0.16 tu. Shusha hadi gramu 1 kwa lita (karibu S/m 0.2), volti itapanda mara nane. Kisha chora vipimo 13 vya volti vya jozi moja ya mkondo: lazima vitoe umbo la U, kitako chake kiwe kama moja ya nane ya ncha. Kitako kikiwa na meno, hiyo ndiyo kelele inayokula katikati. Na maji yatulie kwanza, maana nyuzi 1 ya joto hubadilisha upitishaji kwa karibu 2%.

Muulizaji
U imetoka safi sasa. Ila nikibadilishana jozi, vipimo vyote vinavyogusa elektrodi 11 vinapishana kwa 12%. Vingine havifiki 1%.

Jibu
Elektrodi 11 haishiki vizuri: kutu, mafuta ya vidole, au waya umelegea. Isugue kwa msasa. Ikibaki hivyo, hamisha waya wake kwenye chaneli nyingine ya maltipleksa (chipu inayochagua elektrodi ipi iunganishwe). Kosa likifuata chaneli, chipu ndiyo mbovu.

Jibu
Baada ya hapo achana na jirani kwa jirani, mkondo mwingi unapita ukingoni. Ruka elektrodi nne: 1-6, 2-7, 3-8, kwa mkondo na kwa volti. Usiruke tatu: 1-5-9-13 inajifunga yenyewe, unabaki na mikondo huru 12 badala ya 15. Umbo la U halitakuwepo tena, usishtuke. Jenga upya matriksi ya wepesi (jedwali la jinsi kila kipimo kinavyobadilika sehemu fulani ya maji ikibadilika) kwa mpangilio huo, la sivyo picha itakuwa takataka.

Kigezo cha kulainisha (namba inayoamua programu ilainishe picha kiasi gani) kichague kwa chupa ya katikati, si ya ukingoni. Kikiwa kidogo madoa yanarudi. Kikiwa kikubwa chupa inavimba. Na picha ikitokea kama kwenye kioo, nyaya zako zinazunguka kinyume na namba za programu.