Naomba ushauri: nimteteeje Masha Mironova?

Ndugu zangu, naombeni mnisaidie. Jumamosi naongoza mjadala wa kundi letu la kusoma kuhusu Binti wa Kapteni, riwaya ya Mrusi Pushkin ya mwaka 1836 inayosimulia uasi wa Pugachev dhidi ya malkia Catherine wa Urusi. Wenzangu wameshaamua kwamba Masha, huyo binti mwenyewe, ni mnyonge, na mwanamke wa shoka ni mama yake, Vasilisa Yegorovna.

Kweli, mama yule ndiye anayeendesha ngome, ingawa mkuu wake ni mumewe, kapteni. Tunamkuta dirishani akikunja nyuzi alizoshikiwa na mzee mwenye chongo, tena aliyevaa sare ya ofisa! Waasi wanapokaribia, anakataa katakata kumwacha mumewe.

Masha hutetemeka akisikia mlio wa bunduki tu. Lakini Shvabrin, ofisa aliyejiunga na waasi, anapomfungia chumbani kwa mkate na maji ili akubali ndoa, hakubali. Grinev, ofisa kijana ambaye ni mchumba wake, anapohukumiwa kwa uhaini, ni yeye anayefunga safari hadi Tsarskoye Selo, penye kasri la kifalme, na bustanini anamweleza shida yake bibi mmoja mwenye kijibwa cheupe, bila kujua kwamba ndiye malkia Catherine mwenyewe. Anamwambia amekuja kuomba huruma, si haki.

Hapo ndipo wenzangu wanaponibana: kuomba huruma ni ujasiri gani? Mimi naona ni mkubwa kuliko wa bunduki, ila maneno ya kuwaeleza yananiponyoka. Na je, niseme "huruma", "msamaha" au "fadhila"? Waliosoma, mngeanzia wapi?