Naomba ushauri: michoro ya mashine inatuchanganya karakanani

Wakuu, habari za kazi. Tuna karakana changa hapa Morogoro, tunatengeneza mashine za kupukuchua mahindi. Wakulima wakilalamika tunarekebisha, lakini mabadiliko yanabaki kwenye simu ya fundi au kwa chaki ukutani.

Juzi mabamba 14 ya beringi yametobolewa kwa mchoro wa zamani: matundu ya milimita 13 ya bolti za M12 (unene wa milimita 12), wakati tulishahamia M10 (milimita 10). Tundu likishapanuka halirudi. Imeniuma sana.

Nimeanza kuandika namba ya toleo na tarehe kwenye kila mchoro, na orodha ya vipuri kwenye Excel. Je, mabadiliko ayapitishe nani, fundi mkuu au mimi? Na mashine zilizokwisha kuuzwa mnazifuatiliaje, ili mteja apate kipuri kinacholingana na yake? Programu ya kulipia hatuiwezi kwa sasa.