Msuli ukichanika: tuizuie TGF-beta au tuiache ifanye kazi yake?

Nyuzi_Nyekundu: Wadau, hili tulijadili bila kufichana. TGF-beta 1, protini ya mwili inayobeba ishara kati ya seli, ndiyo inayoziamuru seli za tishu unganishi kumwaga kolajeni, yaani nyuzi za kovu, msuli ukichanika. Kwa panya, kovu linaanza kushika wiki ya pili, na likishashika haliondoki kirahisi. Losartani, dawa ya presha ya miaka mingi, hufunga kipokezi cha aina ya kwanza cha angiotensini (homoni inayopandisha presha), na ishara ya TGF-beta inapungua. Mwaka 2007 panya wenye Marfan na wenye Duchenne, magonjwa ya kurithi yanayodhoofisha misuli yao, walipewa, misuli yao ikajijenga upya. Sasa mbona majeruhi bado anaambiwa barafu na kupumzika? Naona ni woga wa waganga tu.

Tibamazoezi: "Woga wa waganga"? Ndugu, pima maneno yako. Mjamzito hapewi losartani kabisa, inaharibu figo za mtoto tumboni. Ukiichanganya na diklofenaki, dawa ya maumivu, na vidonge vya kukojoza, figo zinaweza kugoma. Potasiamu inapanda. Mchezaji ambaye presha yake ni ya kawaida, inaweza kushuka mpaka akaanguka akisimama. Na nani kakwambia tunawapumzisha tu? Msuli unaanza kukazwa taratibu baada ya siku chache, maumivu yakiruhusu.

Nyuzi_Nyekundu: Sikumtaja mjamzito mahali popote. Twende kwenye dozi: panya walipewa miligramu 10 kwa kilo kwa siku. Gawanya kwa 12.3, kigawanyo cha kawaida cha kutoka panya, ili kuileta kwa binadamu, unapata 0.81. Mtu wa kilo 70 ni kama miligramu 57. Kidonge cha presha cha kila siku ni cha 50. Hatari ya ajabu iko wapi?

BenchiLaMaabara: Hesabu iko sawa, chupa ndiyo tatizo. Dawa ikiwekwa kwenye maji ya kunywa, dozi inakadiriwa kwa wastani wa maji yanayopungua. Panya mwenye jeraha hunywa kidogo, na wakikaa wanne chupa moja hujui nani kapata nini. Jambo la pili ni zito zaidi: TGF-beta ndiyo inayotuliza uvimbe. Panya aliyezaliwa bila TGF-beta 1 hufa ndani ya wiki chache, viungo vimejaa seli za kinga zinazoleta uvimbe. Ukiizuia yote siku ya kwanza, umegusa na hilo.

Kipokezi: Pia tutenganishe majeraha. Mchaniko mdogo ni kitu kimoja, msuli ulionyofolewa kipande ni kitu kingine. Mwaka 2014 panya-buku waliokatwa kipande cha msuli walipewa losartani. Kolajeni ilipungua kweli, lakini msuli ukarudisha nguvu kidogo kuliko wa wale wasiopewa. Pengo likiwa kubwa, kovu ndilo daraja linalopitisha mvuto toka upande mmoja kwenda mwingine. Ukiliondoa bila kuweka nyuzi mpya, unavuta hewa.

Nyuzi_Nyekundu: Kwa hiyo tulilinde kovu? Mimi nimeziona slaidi za mchaniko. Bluu, rangi inayoonyesha kolajeni, imepungua, na nyuzi zenye kiini katikati, yaani nyuzi mpya, zimejaa. Picha ziko wazi.

BenchiLaMaabara: Picha ziko wazi? Hapo ndipo watu wengi wanapopotea! Hiyo bluu, ya rangi ya Masson, inategemea umekata wapi. Sogea milimita mbili kutoka kwenye jeraha, bluu inapungua bila dawa yoyote. Na msuli uliogandishwa vibaya kabla ya kukatwa vipande vya slaidi unajaa matundu ya barafu, nyuzi zinasukumana, asilimia yako ya kolajeni haina maana.

Slaidi10: Matundu hayo wanayaleta wenyewe kwa kutumbukiza msuli moja kwa moja kwenye naitrojeni ya maji. Inachemka, gesi inauzunguka msuli, ubaridi unachelewa kuingia. Tumia isopentani, kimiminika kisichochemka hivyo, iliyopozwa kwa naitrojeni, na ukaushe msuli kwanza kwa karatasi.

Tibamazoezi: Tumeacha mgonjwa, tunagandisha nyama. Nilisema diklofenaki na losartani haziendi pamoja, hakuna aliyejibu. Majeruhi wengi wanameza dawa ya maumivu kabla hata hawajamwona mtu.

Kipokezi: Umesema kweli, na kuna zaidi ya figo. Diklofenaki inapunguza prostaglandini E2, kemikali ya mwili ambayo huziamsha seli za setilaiti, yaani seli shina za msuli, zijenge nyuzi. Unaweza kuzuia kovu kwa mkono mmoja na kuzuia ujenzi kwa mwingine. Ndiyo maana nataka nguvu ipimwe: neva ichochewe, mkazo kamili usomwe, ugawanywe kwa ukubwa wa msuli. Rangi peke yake haitoshi.

Nyuzi_Nyekundu: Nguvu ipimwe, sipingi. Lakini usiutumie msuli ulionyofolewa kumhukumu mchezaji aliyechanika nyuma ya paja. Pale nyuzi za pembeni bado zipo na zinavuta.

BenchiLaMaabara: Basi pima kwenye mchaniko huohuo, na utuonyeshe umekata wapi.

Slaidi10: Na isopentani usiitumie mapema. Subiri uone weupe unaganda chini ya chombo, hapo iko karibu na nyuzijoto 160 chini ya sifuri. Sekunde kama kumi na tano kwa msuli wa panya zinatosha. Ukiuacha muda mrefu unapasuka, na mpasuko huo mtu anaweza kuuhesabu kama jeraha.