Mjadala: Je, mwenye duka ana haki ya kujiwekea umri wa wanunuzi wa bunduki?

Tarehe 28 Februari 2018, wiki mbili baada ya kijana wa miaka 19 kuua watu 17 katika shule ya sekondari ya Marjory Stoneman Douglas huko Parkland, Florida, kampuni mbili kubwa za Marekani, Dick's Sporting Goods na Walmart, zilitangaza kwamba hazitamuuzia tena bunduki mtu aliye chini ya miaka 21. Sheria ya nchi ilikuwa ile ile ya mwaka 1968, ambayo inamtaka mwenye leseni ya kuuza silaha asimuuzie bastola aliye chini ya miaka 21, lakini bunduki ya mtutu mrefu inamruhusu kumuuzia hata wa miaka 18. Tangu siku hiyo watu wanabishana kama duka linaweza kukataa pale ambapo sheria imekubali.

Msimamo wangu ni kwamba linaweza, ila kwa sharti moja nitakalolieleza.

Wanaopinga hawazungumzi ovyo. Wanasema kwamba mtu wa miaka 18 anapiga kura, anajiunga na jeshi na kukabidhiwa bunduki na serikali yenyewe, hivyo kampuni isijigeuze bunge. Katika jimbo la Oregon, ambako sheria inakataza biashara kumbagua mteja aliyetimiza miaka 18 kwa sababu ya umri wake, kijana wa miaka 20 alizishtaki kampuni zote mbili mwezi Machi 2018. Hoja hiyo ya Oregon naiheshimu, kwa kuwa pale ambapo wawakilishi wa wananchi wameandika wazi, mwenye duka hana budi kutii au kuomba sheria irekebishwe. Hoja ya jeshi hainishawishi. Askari wa miaka 18 hufundishwa, husimamiwa na mkubwa wake, na silaha yake hurudishwa ghalani. Anayenunua dukani huondoka nayo nyumbani, na hakuna anayemuuliza tena.

Katiba ya Marekani, katika marekebisho yake ya pili, inaizuia serikali kuwanyang'anya raia haki ya silaha. Haimlazimishi mfanyabiashara kuuza. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 nayo ilitaja rangi, dini na asili ya mtu, lakini umri haikuutaja.

Sharti langu ni kwamba umri huo utangazwe na uwabane wanunuzi wote sawasawa. Muuzaji tayari ana uhuru wa kumkatalia mteja anayemtilia shaka, na uhuru huo ukiachwa mikononi mwa mhudumu wa kaunta, nahofia kwamba watakaotiliwa shaka kwanza ni vijana weusi, maskini na wenye lafudhi ya kigeni. Tangazo la miaka 21 halimtazami mtu usoni. Mtoto wa daktari na mtoto wa mfagizi wanakataliwa kwa sababu moja, na wote wawili wanajua siku ambayo zuio litawaondokea.

Jambo linalonigusa zaidi ni lile ambalo Edward Stack, aliyekuwa mkuu wa Dick's, alilieleza hadharani: kampuni yake ilikuwa imemuuzia muuaji yule wa Parkland bunduki nyingine mwaka 2017, ikifuata kila kipengele cha sheria. Siyo iliyotumika shuleni, lakini muuzaji aliyeligundua jambo kama hilo hatuwezi kumwambia aendelee kuuza kwa sababu tu sheria haikumkataza.

Nakiri kwamba kijana aliyekataliwa anaweza kwenda duka la pili, na kwamba kwa mwindaji wa kijijini mwenye duka moja tu karibu, zuio hili ni mzigo wa kweli. Ndiyo maana sheria ya jimbo ni bora kuliko tangazo la kampuni. Florida ilipitisha yake mwezi Machi 2018, ikaweka miaka 21 na kuwaachia nafasi askari na polisi. Texas haikufanya hivyo, na mwaka 2022 muuaji wa shule ya msingi ya mji wa Uvalde katika jimbo hilo, aliyeua watoto 19 na walimu 2, alinunua bunduki zake kihalali siku chache baada ya kutimiza miaka 18.

Walmart iliacha kuuza bunduki za nusu otomatiki za aina ya AR-15 mwaka 2015, kwa wateja wa umri wowote. Ninyi mnaopinga, naomba mnijibu: ikiwa duka linaweza kuiondoa bidhaa yenyewe kwa watu wote, ni kwa msingi gani lizuiwe kuwaambia wengine wasubiri miaka mitatu?