Mrejesho: Kutafuta mume kwa programu, na walii je?

Asalaam aleikum wapendwa. Niliuliza kama binti anaweza kutafuta mume kwa programu ya simu bila kumruka walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa. Inawezekana. Nilijiunga na Muzz, programu ya Waislamu wanaotafuta wenza: nakala za mazungumzo humfikia walii ukimwandikisha, na picha unaweza kuzitia ukungu mpaka uamue mwenyewe nani azione. Baba alimwachia kaka kazi ya kusoma nakala hizo. Jamaa mmoja kila akiulizwa kama ana mke, anahamia kwenye mawaidha ya subira! Kaka akamfyeka palepale. (Hamdam, programu kama hiyo ya Iran iliyotoka 2021, ilitangazwa kuwa ya wanaotaka ndoa ya kudumu na mke mmoja. Nimeionea wivu.) Sasa yupo aliyeomba namba ya baba kabla hata ya picha. Wazee wameshaongea, tunasubiri posa.