Shimo la choo limetoa maji kwenye futi ya saba: naomba ushauri

Mwana Umalila: Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninajenga choo cha shimo nyumbani kwetu Umalila, Mbeya Vijijini, ili mama yangu, mwenye umri wa miaka 81, aache kujisaidia kwenye shamba la pareto. Tulikusudia futi kumi na mbili, lakini jana, tulipofika futi ya saba, maji yalianza kuchuruzika ukutani, na leo asubuhi yalimfika fundi magotini. Je, nisakafie chini kwa saruji, au nijaze mawe?

Mama Wawili: Pole, kaka. Mimi nauliza kwanza kuhusu nguruwe: mmewafungia? Binamu yangu alianza kuanguka kifafa akiwa mtu mzima, ukoo ukatafuta mchawi, hadi hospitali ilipoona viluwiluwi vya tegu la nguruwe kwenye ubongo wake. Mayai ya tegu hutoka kwenye kinyesi cha mtu na kumwingia mwingine kwa mikono michafu. Nguruwe anayezurura naye huyala, kisha nyama isiyoiva ikaturudishia tegu wenyewe. Hadi leo watu huogopa kumshika binamu yangu akianguka, ingawa kifafa hakiambukizi kwa mate.

Mstaafu: Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, tulikaa kwa vikundi kusikiliza redio, kisha tukashika majembe na kuchimba vyoo. Mama kufikisha miaka 81 bila choo, na watoto tupo, ni aibu yetu sote.

Fundi wa Uyole: Wakuu, tumjibu alichouliza. Saruji haitazuia maji yanayosukuma kutoka chini. Ndugu, maji ya kunywa mnachota wapi, na ni hatua ngapi kutoka shimoni?

Mwana Umalila: Maji yapo jirani, hayana shida. Naomba tubaki kwenye shimo, kwa kuwa matofali nimekwisha kuyalipia na bamba la zege limekwisha kukauka.

Mzaliwa wa Huko: Samahani, nina mashaka. Mvua zetu hukatika Mei na kurudi Novemba. Mlimani, katikati ya Oktoba, futi saba zitoe maji ya magotini? Hiki kisa kimetungwa. Tulikwisha kumchangia hapa mtu mwenye mtoto mgonjwa, kumbe mtoto hakuwepo.

Mwana Umalila: Imeniuma, lakini nimejitakia. Shimo liko juu ya chemchemi, hatua ishirini na mbili, na majirani wote wa upande huu huchota hapo. Sikusema kwa sababu nilijua mtakachoniambia. Juzi alfajiri nilimkuta mama amekaa kwenye umande, kitenge kimelowa hadi kiunoni, ameshikilia bua la mahindi kwa mikono miwili kwa sababu magoti yamegoma kumwinua. Karibu na nyumba hapana pengine. Na udongo si huchuja uchafu?

Mzaliwa wa Huko: Nisamehe, ndugu yangu. Chemchemi inaeleza kila kitu.

Fundi wa Uyole: Udongo huchuja pale kitako cha shimo kinapokuwa juu ya maji, angalau mita moja na nusu. Lako limo ndani ya maji, kwa hiyo kinyesi kitashuka moja kwa moja hadi kwenye ndoo za jirani zako. Fukia kwa udongo mkavu kabla ya mvua. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka chemchemi, na kiwe upande wa chini yake. Maji yakiwa karibu hata huko, inua shimo juu ya ardhi kwa matofali hayo hayo uliyolipia. Bamba vijana wanne watalibeba. Mama atumie ndoo yenye kifuniko, chini ya kiti kilichotobolewa, umwekee majivu pembeni; asubuhi wewe ukamwage chooni na kunawa kwa sabuni.

Mwana Umalila: Fundi wangu nimemsimamisha. Kiti kipo, cha marehemu baba, ila mguu mmoja umelegea. Nitaupiga misumari leo. Kesho tunapima upande wa chini kwa kamba.