Tupeane uzoefu: gia ya mbele ya baiskeli ilikutoa jasho wapi?

Mpanda Pole
Salaam aleikum wenzangu. Ijumaa natoka Mambrui narudi Malindi mjini, nafika juu ya daraja la Sabaki nikabadilisha gia ya mbele cheni ipande sahani kubwa, lile duara la meno pale kwenye pedali. Cheni ikavuka sahani, ikaangukia nje na kujikunja kwenye mkono wa pedali. Malori yanapita, mie nimechutama na kanzu nyeupe, navuta cheni kwa vidole. Wenye baiskeli za gia semeni: yenu ilikusumbueni vipi, mkaifanyaje? Msiniambie nipeleke kwa fundi. Nimepeleka mara mbili, na mara zote ilikaa sawa mpaka kona ya kwanza.

Barani Juu
Nianze na ujinga wangu. Yangu ilikuwa ikikwaruza. Nikaona skurubu mbili ndogo juu ya kile kifaa cha gia kinachosukuma cheni, nikachukua bisibisi, nikazungusha moja, nikasikiliza, nikazungusha na ya pili. Mwisho cheni ikaangukia ndani, ikakwama kati ya sahani ndogo na fremu, na kuitoa ikatoka na rangi. Zile skurubu hazipandishi gia. Kazi yake ni kuweka mpaka tu: yenye H huzuia cheni isivuke nje, yenye L isiangukie ndani. Ziwe za mwisho kuguswa.

Mama Samaki
Pole ndugu yangu. Yangu ni ya mtumba, napakilia kikapu cha samaki kila asubuhi. Sahani kubwa ya meno 48 ilikwisha, fundi akapata ya 42 akaniwekea. Tangu hapo cheni ikawa yapanda ikitaka yenyewe. Kijana wangu ndiye aliyeinama akaona: meno sita yakipungua, ukingo wa sahani hushuka karibu milimita 12, na gia ilibaki kule kule juu kwenye bomba. Gia ina mabamba mawili, cheni hupita katikati yake. Bamba la nje lafaa lipite juu ya meno ya sahani kubwa kwa milimita 1 hadi 3. Sisi tulipima kwa sarafu: moja ipite, mbili zikatae. Tukalegeza bolti ya kile kikuku kinachoshika bomba, tukaishusha. Halafu tazama kutoka juu, bamba la nje liende sambamba na sahani. Likikaa upogo hutapata raha.

Waya na Chumvi
Sisi wa karibu na bahari, angalieni na waya. Yangu ilikuwa nzito kupanda, na kushuka ikichelewa. Nilipouvuta waya kwenye ala yake ulitoka mwekundu kama mdomo wa mla tambuu. Nikanunua mpya, waya na ala yake.

Kisha nikafuata mpango huu. Cheni iwe sahani ndogo mbele, gia kubwa kabisa nyuma. Legeza waya. Zungusha L mpaka bamba la ndani liachane na cheni kama milimita moja, ndipo uvute waya kwa mkono na kuukaza. Halafu nenda sahani kubwa na gia ndogo ya nyuma, ufanye H vivyo hivyo upande wa nje. Robo mzunguko kila mara, usiwe na pupa. Na ikisita kupanda, usikimbilie H. Kaza waya kidogo kwa kile kifundo cha kuzungusha kwa vidole pale kwenye usukani.

Blek Mamba
Yangu sahani moja, gia hakuna, nabeba madebe manne ya maji. Nawasoma tu nikicheka.

Mama Samaki
Tukuone kwenye mpando wa kwenda Marafa na hayo madebe.

Mpanda Pole
Nimerudi. Wallahi sarafu tatu zilipita! Nimeishusha, nikainyoosha, H nimeikaza nusu mzunguko tu. Jana nimekwenda Gede na kurudi, haikuanguka hata mara moja. Ila nikiwa sahani kubwa mbele na gia kubwa nyuma, bado yasugua.

Waya na Chumvi
Hapo cheni imekwenda mshazari, itasugua hata uifanyeje. Shuka sahani.

Barani Juu
Na kanzu?

Mpanda Pole
Iko kwenye ndoo. Leo siku ya nne.